Kwenda Mbali Bila Injini: Glaida za Uwezo Mkubwa Juu ya Arusha na Moshi

Glaida ya kisasa yenye mabawa ya mita 18 hupoteza mita moja ya kimo kwa kila mita 50 hivi inazokwenda mbele katika hewa tulivu. Iweke mita 1,000 juu ya Uwanja wa Arusha pale Kisongo, ielekeze Uwanja wa Kilimanjaro (KIA), na itafika. Ni kama kilomita 49 kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa ardhi nayo inashuka kutoka mita 1,387 juu ya usawa wa bahari hadi 894, utakuta bado una karibu mita 500 mkononi. Sasa geuza safari: anza na mita hizo hizo 1,000 juu ya KIA kurudi Kisongo, na utakuwa umegusa chini karibu na Tengeru. Ndege ni ile ile na umbali ni ule ule, ila ardhi imekupandia.

Anayeanza kurusha glaida za namna hii hushangazwa kwanza na uwiano huo wa kuteleza. ASK 21, ndege ya mafunzo ya viti viwili inayotumika duniani kote, ina uwiano wa 34 kwa 1. Tumbusi ana takriban 15 kwa 1, kipimo alichokipata mtafiti Colin Pennycuick aliyewafuata ndege hao Afrika Mashariki akiwa kwenye glaida yenye injini ndogo, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Glaida za mita 18 ziko 50 na zaidi, zikiwemo zinazotengenezwa hapa hapa Afrika na Jonker Sailplanes kule Potchefstroom, Afrika Kusini. Ndiyo maana wengi huamini kwamba bawa refu ni bawa la kukimbia. Sivyo hasa. Kinachonunuliwa kwa bei ile kubwa ni uwezo wa kukataa: kupita juu ya mkondo dhaifu wa hewa inayopanda bila kuugusa, kwa sababu una kimo cha kutosha kuufikia ulio bora. Asiyeelewa hilo atarusha ndege ya 50 kwa 1 kwa mwendo wa ndege ya 34 na kushangaa mbona wenzake wamefika.

Hesabu ya kasi

Glaida inaposafiri hufanya kazi mbili kwa zamu. Inateleza kwenda mbele ikipoteza kimo, kisha inasimama mahali pamoja na kuzunguka ndani ya hewa inayopanda ili kukirudisha. Hewa hiyo inayopanda, iliyopashwa moto na ardhi, ndiyo tutakayoiita mkondo. Muda wa kuzunguka haukupeleki popote, kwa hiyo kasi ya safari huhesabiwa kwa muda wa yote mawili.

Kila glaida ina mchoro wake uitwao pola, unaoonyesha inashuka kwa kiasi gani katika kila mwendo. Tuchukue tarakimu za mfano, zisizo mbali na glaida ya mita 18. Kwa kilomita 115 kwa saa inashuka mita 0.64 kwa sekunde, na hapo ndipo penye uwiano wake bora wa 50. Kwa 150 inashuka mita 1.0, kwa 180 mita 1.5. Kasi ya safari unaipata kwa kuzidisha mwendo wa kuteleza na kasi ya kupanda, kisha kugawanya kwa jumla ya kupanda na kushuka.

Siku ya mikondo mizuri, unapanda mita 4 kwa sekunde. Ukiteleza kwa 115, safari yako ni kilomita 99 kwa saa. Kwa 150 ni 120, kwa 180 ni 131. Kukimbia kunalipa. Siku dhaifu unapanda mita 1.5 tu. Kwa 115 unapata kama 81, kwa 150 unapata 90, na kwa 180 unapata 90 vilevile.

Hapo kwenye 90 mbili ndipo palipo na somo lote. Kati ya 150 na 180 hakuna dakika uliyookoa, lakini kutoka kimo cha mita 1,500 mwendo wa 150 unakufikisha kilomita 62 na ule wa 180 unakufikisha 50. Umetupa kilomita 12 za kutafutia mkondo, bure. Tazama pia upande wa pili: ukibaki kwenye 150 na badala ya mkondo wa 1.5 ukapata wa 4, kasi ya safari inaruka kutoka 90 hadi 120. Hakuna namna ya kubana mwendo itakayokupa nyongeza ya 30. Mkondo ndio unaotoa kasi, na kilomita 12 ulizozitunza ndizo zinazokufikisha kwenye mkondo huo.

Aliyeipa hesabu hii umbo la kutumika hewani ni Mmarekani Paul MacCready, bingwa wa dunia wa glaida mwaka 1956, yule yule aliyekuja kutengeneza Gossamer Condor, ndege iliyorushwa kwa nguvu za miguu mwaka 1977. Alizungushia variomita, saa inayoonyesha kupanda na kushuka, pete yenye namba. Unaipanga pete kwa mkondo unaoutarajia mbele, na sindano inakusomea mwendo wa kuteleza. Leo pete imekuwa kompyuta, lakini swali ni lile lile, na jibu lake hukosewa kwa namna moja. Rubani huona sindano ikigusa 5, akapanga 5. Ile 5 ilikuwa ya sekunde tatu upande mmoja wa duara. Ukihesabu tangu alipoanza kuzunguka hadi alipotoka, pamoja na mizunguko miwili ya kutafuta kiini, wastani ni 3 au pungufu. Panga wastani huo, tena upunguze kidogo. Kwa kuwa mchoro wa kasi ni bapa karibu na kilele chake, kama ule mfano wa 90 ulivyoonyesha, kupanga chini kunakugharimu dakika chache na kupanga juu kunaweza kukugharimu safari.

Kiwango cha kukataa nacho hakikai pamoja siku nzima. Ukiwa juu, karibu na mawingu, kataa chochote kisichofikia wastani wa siku. Ukishuka chini ya mita 1,000 juu ya ardhi, kubali nusu yake. Chini ya mita 600 kubali hata mkondo unaokushikilia tu usishuke, na macho yawe tayari yamechagua shamba.

Anga la hapa lina nini

Arusha na Moshi ziko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Jua la utosini ni kali, lakini mchana ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima na giza huingia kwa haraka. Ulaya ya kiangazi ina mchana mrefu, na rubani mvumilivu anaweza kufidia uzembe wake kwa kuongeza masaa. Hapa mikondo ya kutegemewa hukaa kati ya saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni. Kwa kasi ya safari ya 110, saa sita ni kilomita 660, ikiwa hukupoteza hata robo saa ukihangaika chini. Beji za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga zinaanzia kilomita 50 kwa ya fedha, 300 kwa ya dhahabu na 500 kwa almasi, kwa hiyo almasi inawezekana hapa kwa hesabu, ila si kwa mwendo wa kubembeleza.

Msimu una maana kuliko tarehe. Masika, Machi hadi Mei, ardhi imelowa na nguvu ya jua huishia kukausha udongo. Juni hadi Agosti ni baridi, na upande wa kusini wa Kilimanjaro, kuanzia Machame hadi Marangu, hufunikwa na mawingu ya chini ambayo siku nyingine hayaachii kabisa. Kipindi kizuri ni Septemba na Oktoba kabla ya vuli kushika, halafu Januari na Februari.

Kimo cha mawingu unaweza kukikadiria ukiwa bado chini. Chukua joto la hewa, toa joto la umande, zidisha kwa mita 125. KIA ikiwa na nyuzi 31 na umande wa nyuzi 15, mawingu yatakaa kama mita 2,000 juu ya uwanja, yaani karibu mita 2,900 kutoka usawa wa bahari. Hewa ikikauka hadi 33 na 11, yanapanda hadi mita 3,600 hivi. Ukitazama namba hizo na kukumbuka kwamba kilele cha Meru kiko mita 4,566 na Kibo mita 5,895, utaona kwamba milima hii huivuki. Unaizunguka.

Ukanda wa kihamba, migomba na kahawa yenye vivuli na mifereji, hupata joto polepole na mikondo yake ni laini, na mawingu yake huwa ya chini kwa sababu ya unyevu. Shuka hadi tambarare kavu ya Bomang'ombe, KIA na Mererani na hali inageuka: udongo mtupu, mawe, chamchela za vumbi kuanzia mchana. Chamchela ni mkondo uliojipaka rangi. Uingie ukiwa na kimo, kwa upande unaopeperushiwa na upepo, maana chamchela imeinama kuufuata. Ukiwa chini ya mita 300 iachie, kwa sababu kiini chake ni chembamba na kinaweza kulinyanyua bawa moja kabla hujaligusa usukani. Mpaka kati ya kijani na kavu ndio njia nzuri zaidi ya kufuata, ukikaa upande wa kavu.

Maji ni adui. Bwawa la Nyumba ya Mungu, mashamba ya miwa ya TPC na mpunga wa tambarare ya chini ya Moshi hupoza hewa, na ukipita juu yake mchana unaweza kuteleza kilomita nyingi bila variomita kulia. Anayetoka Moshi kwenda Same apange kupita pembeni, akiegemea vilima vya magharibi ya Milima ya Pare, lakini hapo upepo wa kusi ukiwa na nguvu atakuwa nyuma ya mlima, upande ambao hewa inamwagika chini. Hakuna njia isiyo na kodi. Bora kulipa kwa kushuka kidogo mahali penye pa kutua.

Hali hiyo hiyo ya nyuma ya mlima inauhusu Uwanja wa Arusha wenyewe. Upepo wa kaskazini-mashariki ukivuma kwa nguvu, Kisongo iko moja kwa moja nyuma ya Meru, na hewa inayobingirika hapo huweza kumshusha mtu aliyekuwa na hesabu safi dakika tano tu nyuma. Kwa upande mwingine, ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara umetazama mashariki, na upepo wa mashariki ukiugonga unapanda bila kuhitaji jua. Tumbusi na korongo wanaujua tangu zamani. Kumbuka tu kwamba chini yake kuna hifadhi, na ruhusa ya kupita ni jambo la kuulizwa kabla ya kuondoka.

Kuhusu ndege wenyewe: wakizunguka, waamini, lakini kwa kiasi. Tumbusi ana uzito mdogo kwa ukubwa wa bawa lake na anazunguka ndani ya duara ambalo glaida haiwezi hata kulikaribia. Anaweza kupanda vizuri ndani ya mkondo mwembamba ambao wewe utauzunguka kwa nje ukishuka.

Kubeba maji makusudi

Jambo linalowashangaza wageni ni kuona watu wakimimina maji kwenye mabawa ya ndege isiyo na injini. Uzito hauharibu uwiano wa kuteleza. Unausogeza tu kwenye mwendo mkubwa zaidi. Glaida yenye bawa la mita 10.5 za mraba na uzito wa kilo 390 pamoja na rubani inabeba kilo 37 kwa kila mita ya mraba. Mimina lita 200, yaani madumu kumi ya lita 20, na inafika kilo 56. Mwendo hupanda kwa kipeuo cha pili cha uwiano huo, takriban mara 1.23. Ile 50 kwa 1 iliyopatikana kwa kilomita 115 sasa inapatikana kwa 141.

Gharama inalipwa ndani ya mkondo. Ukiwa mkavu, unazunguka kwa 95 ukiwa umelaza bawa nyuzi 40, na nusu kipenyo cha duara lako ni mita 85. Ukiwa na maji utahitaji 117, na duara linakuwa mita 130. Hiyo ni karibu na usawa wa bahari. Kwenye mita 3,000, ambapo hewa ni nyepesi na kasi halisi inazidi inayosomwa kwa asilimia 16, duara hizo zinakuwa kama mita 115 na 175. Mkondo wenye kiini cha nusu kipenyo cha mita 120 unamfaa wa kwanza na kumtupa nje wa pili. Tiba ni kulaza bawa hadi nyuzi 45 au 50, na kama wastani wa kupanda hauvuki mita 2 kwa sekunde, kumwaga.

Kujaza kuna adabu yake. Maji yachujwe, chembe ya mchanga kwenye kizibo cha bawa moja itaivujisha polepole, na wakati wa kuondoka bawa moja litakuwa zito. Jaza sawasawa, kisha sawazisha mabawa kwa mikono na uone kama yanakaa. Glaida nyingi zina tangi dogo la mkiani la lita chache, la kurekebisha kitovu cha uzito. Hilo ndilo la kuogopa. Mabawa yakimwagika na la mkiani likakwama, uzito unabaki nyuma, na ndege inayolegea nyuma huingia kwenye mzunguko wa kuanguka kwa urahisi na kutoka kwa shida. Kabla ya kila safari fungua vizibo vyote chini na utazame kwa macho kwamba mkia unatoa maji pamoja na mabawa au kabla yake. Kumwaga kunachukua dakika kadhaa, hivyo kuamua ukiwa kwenye mstari wa mwisho wa kutua ni kuchelewa.

Hewa nyepesi

KIA ikiwa na nyuzi 30, hewa yake ni sawa na ya mita 1,660 kwa vipimo vya kawaida. Kisongo ikiwa na nyuzi 28, ni kama mita 2,190. Spidomita inapima msukumo wa hewa, haipimi mwendo halisi, kwa hiyo rubani anayekuja kutua Kisongo kwa 100 anagusa ardhi kwa 111, na nguvu ya kusimamisha imeongezeka karibu robo. Usijaribu kufidia kwa kupunguza namba kwenye saa. Bawa linaacha kubeba kwa namba ile ile kila mahali. Unachobadilisha ni urefu wa uwanja unaouhitaji. Ndege yenye injini inayoivuta glaida hadi hewani nayo, kama injini yake haina turbo, imepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu zake, na glaida iliyojaa maji nyuma yake inaweza kumaliza uwanja kabla ya kamba kunyooka vizuri. Siku za joto, ondoka na nusu ya maji.

Juu kabisa tatizo linageuka. Mstari mwekundu wa spidomita umewekwa kwa ajili ya mitetemo ya mabawa, na mitetemo hiyo inafuata zaidi kasi halisi kuliko inayosomwa. Kwa mita 4,000, kasi halisi imezidi kwa asilimia 22. Kitabu cha ndege kina jedwali la kushusha kikomo kwa kimo. Linakiliwe na kubandikwa mbele ya macho, maana ukiwa umechoka hulikumbuki. Oksijeni ivaliwe kuanzia mita 3,000. Mwenyeji wa Arusha anavumilia kimo kuliko mtu wa Dar es Salaam, lakini upungufu wa oksijeni huanza kwa kumfanya mtu ajione yuko sawa, na uamuzi wa kutua nje unataka kichwa kizima.

Jambo dogo lisilo dogo: mirija ya kupimia hewa. Nyigu wa udongo huziba tundu kwa siku moja au mbili tu. Ya mkiani, inayoifidia variomita ili usidanganywe na kupanda kwa sababu tu umevuta usukani, ikizibwa itakupa mikondo isiyokuwepo. Vifuniko vyake viwe na utepe mwekundu mrefu, na vihesabiwe vikitoka.

Mtelezo wa kurudi nyumbani

Tuseme uko juu ya Makuyuni saa kumi jioni na unataka Kisongo, kilomita 60 hivi kuelekea mashariki. Kwa 150, bila upepo, ni dakika 24 na mita 1,440 za kushuka. Lakini hapa upepo kwa kawaida unatoka mashariki. Ukiwa wa kilomita 20 kwa saa usoni, unasonga kwa 130 juu ya ardhi, dakika zinakuwa karibu 28, na unahitaji mita 1,660. Mabawa yaliyokusanya wadudu mchana kutwa yanapunguza ubora. Ukikata asilimia 10 unafika kama mita 1,830. Ongeza mita 300 za kufikia uwanja kwa utulivu, na mita 1,387 za uwanja wenyewe. Jumla ni karibu mita 3,500 kutoka usawa wa bahari. Aliyeanza na mita 3,000 kwa sababu kompyuta ilimwambia 1,440 zinatosha, hakudanganywa na kompyuta. Hakuipa upepo wala wadudu.

Na bado kuna hewa inayoshuka. Kilomita 5 tu za kushuka zaidi ya mita 2 kwa sekunde zinakula mita 240. Ndiyo maana mtelezo wa nyumbani hukaguliwa kila kilomita 10: kimo cha ziada kinaongezeka, kimesimama, au kinapungua? Kikipungua mara mbili mfululizo, punguza mwendo kuelekea ule wa uwiano bora, sogea pembeni kilomita moja au mbili, na ukubali mkondo wowote. Kitu cha kutofanya ni kuongeza mwendo kwa matumaini ya kutoka haraka huku kimo hakipo.

Ukikaribia Arusha utakutana pia na ndege ndogo za safari za Serengeti na Manyara zikishuka na kupanda. Bawa jeupe na jembamba halionekani mbele ya wingu. Redio kwenye masafa ya mnara, transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) ikiwa imewashwa, na mpango wa safari uliokubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kabla ya siku yenyewe. Eneo la KIA ni anga linalodhibitiwa, na mpaka wa Kenya kaskazini hauna alama hewani.

Kutua pasipo uwanja

Kadiri glaida inavyokuwa bora, ndivyo inavyokuwa ngumu kuiteremsha. Breki zikiwa wazi kabisa bado inakwenda takriban mita 7 mbele kwa kila moja ya kushuka, hivyo mti wa mita 15 mwanzoni mwa shamba unakunyang'anya zaidi ya mita 100. Kuja kwa 110 badala ya 100 kunaacha nishati ya mita 8 za kimo, ambayo itageuka mita 60 hadi 80 za kuelea. Kwa vimo vya hapa tafuta mita 400 zilizo wazi.

Mita 600 juu ya ardhi: chagua eneo. Mita 450: chagua shamba moja. Mita 300: anza mzunguko wa kutua na usirudie kutafuta mkondo. Kama glaida ina injini ya kujiokoa, jaribu kuiwasha ukiwa tayari juu ya shamba hilo; injini iliyotoka nje na kukataa kuwaka ni mwamvuli mgongoni, na uwiano wako wa 50 umeanguka vibaya.

Mashamba makubwa ya ngano na shayiri ya West Kilimanjaro baada ya mavuno ni bora kuliko yote. Tua kwa kufuata mistari ya jembe, na kama kuna mteremko tua kwa kupanda, hata upepo ukiwa mgongoni kidogo. Mahindi yaliyosimama hukamata bawa na kuizungusha ndege. Miwa usiifikirie, na barabara za ndani ya miwa ni nyembamba kuliko mita 18. Mbuga za Simanjiro na Makuyuni zinaonekana tambarare ukiwa juu, lakini zina vichuguu, miiba ya migunga na makorongo ya mmomonyoko ambayo jua la utosini huyaficha kabisa kwa kuwa hayana kivuli. Saa kumi jioni yanaonekana. Weupe wa kando ya Ziwa Manyara ni ganda la magadi juu ya tope. Mifugo ikiwepo, elekea pale walipotoka, maana ng'ombe na mbuzi wakishtuka hukimbia mbele.

Ukishasimama, watu watafika kabla hujafungua mikanda. Shikamoo kwa wazee kwanza, maelezo ya ndege baadaye. Omba mtu mzima mmoja awaweke watoto mbali na mkia, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayoonekana ngumu na kuvunjika kirahisi. Mwenye shamba na mwenyekiti wa kijiji waonwe siku hiyo hiyo, na kama mazao yameharibika yatazamwe pamoja, kwa hatua na kwa macho, kabla trela haijaingia kuongeza uharibifu. Trela ina urefu wa karibu mita 9. Anayekuja kukuchukua aambiwe mapema kama njia ya kutoka lami inapitika na wapi atageuzia. Na kama mvua imenyesha juu ya udongo mweusi, ni heri alale Makuyuni aje asubuhi.